Mipira ya Kombi ya Mjomba

Baada ya hitma ya Mjomba Shaweji, wageni walipokwisha kuondoka na uani tukabaki watu wa nyumbani na masufuria ya pilau, binti yake Rehema alianza kuwasimulia wajukuu habari za kombi. Alisema babu yao, ingawa mgongo wake ulikuwa umeharibika, alisafiri kutoka Bagamoyo mpaka Pangani amelala juu ya godoro kama sultani, dirisha limefunguliwa, upepo unampepea, na kwamba gari lile halikumsumbua mtu hata siku moja. Wajukuu wakanitazama mimi, kwa kuwa nilikuwemo safarini. Nilikuwa natafuna mfupa, nikaendelea kuutafuna. Rehema mwaka ule alikuwa Muscat, na habari zote alizipata kwa baba yake, ambaye alikuwa mkweli katika mambo yote isipokuwa mgongo wake na kombi yake. Kumbishia mfiwa siku ya hitma si adabu. Lakini nilirudi Dar nimevimba, na mke wangu akaniambia kwamba kama jambo lenyewe bado linanikera kiasi hicho, baada ya miaka yote hii, basi niliandike, niache kulisema peke yangu bafuni.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na nilikuwa na shahada ya falsafa, yaani nilikuwa sina kazi. Mama alinituma Bagamoyo nikamsaidie kaka yake kwa wiki moja au mbili, mpaka maombi yangu ya kazi yajibiwe. Hayakujibiwa, nikakaa mwaka mzima. Mjomba alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa akibadilisha bati, na tangu hapo hakuweza kukaa kitako zaidi ya muda wa kumaliza sahani ya wali. Alisali amelala, alikula ameegemea ubavu, na wageni aliwapokea kwenye kitanda cha kamba kilichowekwa ukumbini karibu na mlango, mahali ambapo alimwona kila apitaye na kila apitaye alilazimika kumwamkia. Chumba nilichopewa kilikuwa upande wa pili wa ukumbi huo. Ukuta wake haukufika darini, kwa hiyo nilisikia kila lililosemwa, pamoja na yaliyosemwa kunihusu. Nyuma ya nyumba, chini ya makuti, ndipo ilipokaa kombi. Ilikuwa ya rangi ya chungwa, kuukuu, na iliachwa na Wazungu wawili, mtu na mkewe, waliopiga kambi pwani kwa miezi kadhaa wakila kwa Bi Mwantumu, mke wa Mjomba. Walipotaka kurudi kwao waliona ni nafuu kuitoa zawadi kuliko kuitengeneza, na sisi tukaiita zawadi hiyo ukarimu. Ndani ilikuwa na kitanda upande wa nyuma, juu ya tangi na mashine, jiko dogo la gesi, mapazia ya maua, na sinki lisilotoa maji ambalo Bi Mwantumu aliligeuza kuwa mahali pa kuwekea vitunguu. Na ilivuja petroli. Ukipita uani kwenda chooni asubuhi, harufu yake ilikulaki kabla ya jogoo.

Laiti ingekuwa ni gari tu, ningeiacha ivuje. Lakini alasiri moja, baada ya kula samaki wa kupaka na kila mtu amejinyoosha mahali pake, nilimsikia Mjomba akisema upande wa pili wa ukuta, "Zuhura hataningoja."

"Ajuaye nani anamngoja nani ni Mungu," Bi Mwantumu akamjibu. "Lala."

"Nimelala tangu nilipoanguka, nawe bado unaniambia nilale."

Zuhura alikuwa dada yake mkubwa, na kwangu mimi alikuwa Mama Mkubwa. Yeye ndiye aliyemlea Mjomba baada ya mama yao kufariki, na sasa alikuwa Pangani, miguu imejaa maji, hawezi kupanda gari wala kushuka. Kila mfanyabiashara aliyetoka kule alileta salamu zake. Za mwisho zilikuwa fupi: mwambieni Shaweji salamu zake nimezishiba, sasa aje. Basi lisingewezekana, kwa sababu Mjomba asingeweza kukaa. Mgongoni mwa lori asingefika hai. Katika Bagamoyo nzima, kwa kadiri tulivyojua, gari lililokuwa na kitanda ndani yake lilikuwa moja, nalo lilikuwa chini ya makuti yetu, likitia uani doa jeusi.

Nilichukulia kazi ile kama swali la mantiki. Petroli inatoka, kwa hiyo pana tundu. Ukiliziba tundu, petroli haitoki. Sijui ni kwa nini nilihitaji chuo kikuu kwa hilo, na sijui ni kwa nini chuo kikuu hakikunisaidia lolote zaidi ya hapo. Fundi wetu alikuwa Kibwana, ambaye kazi yake hasa ilikuwa mashine za boti. Shavuni alikuwa na tambuu na kinywani alikuwa na jibu kabla hujamaliza swali. Mbali na yeye palikuwa na watu wa barazani, ambao hata mmoja wao hakuwa na baiskeli yenye breki, na wote walikuwa na dawa. Huyu alitaka tufunge mpira wa ndani wa baiskeli, yule alitaka gundi ya viatu. Kibwana alitumia sabuni ya mche. Aliikanda kwa vidole mpaka ikalainika, akaipachika kwenye maungio ya tangi, na lazima niseme kwamba pale ilipopachikwa ilishika. Tatizo ni kwamba petroli ilihamia mahali pengine, na sabuni ikaifuata, mpaka Bi Mwantumu akaja uani na beseni la nguo mkononi.

"Kibwana, mwanangu, hebu nieleze. Gari linaoga kila siku, na kanzu ya mwenye gari haijafuliwa tangu Ijumaa. Hii ni dini gani?"

"Bi Mwantumu, subira. Kesho naweka mipira mipya ya mafuta, sabuni utarudishiwa."

"Nirudishiwe ikiwa inanuka petroli?"

Mipira mipya ilikuja kesho yake kweli. Ilikuwa myeupe, inaonyesha ndani, na nilipoishika niliitambua, kwa sababu wa aina hiyo hiyo ulikuwa ukijaza pipa la maji msikitini.

"Fundi, huu ni mpira wa maji."

"Mpira ni mpira, msomi. Haujui kilichomo ndani yake."

"Petroli inajua."

"Basi iulize wewe, mnafahamiana."

Kabla mwezi haujaisha mipira ile ilikuwa imekauka na kugeuka manjano kama tambi, na ukiigusa inavunjika. Hapo nikaamua kwenda mwenyewe Lugoba, kwenye barabara kuu ambako malori hupumzika na maduka ya vipuri yamejipanga, nikatafute mpira wa mafuta wa haki. Nilipima upana wa bomba la kombi kwa kidole changu cha shahada, nikaenda nacho. Nilirudi jioni nimejaa vumbi na fahari, na mpira mweusi mnene begani. Kibwana aliuchungulia upande mmoja, kisha upande wa pili, akanichungulia mimi kwa kupitia ndani yake. "Huu ni mpira wa lori," alisema. "Vizuri. Sasa tutafute lori." Maneno hayo yalifika barazani kabla yangu. Kwa muda mrefu baadaye nilikuwa sipiti pale bila mtu kuniuliza lori langu linaendeleaje.

Hatimaye ilipatikana mipira ya kadiri yake, tukaifunga kwa klipu, tukatia petroli kidogo kwa dumu, tukalala chini ya gari mimi na Kibwana tukitazama. Haikuvuja. Tukawasha mashine. Haikuvuja. Bi Mwantumu akasema kwamba kabla ya kuelekea kaskazini tujaribu kusini, twende Zinga kwa watu wake tukachukue mihogo. Mjomba tukambeba na godoro lake tukamlaza nyuma, tukajaza tangi kwenye kituo cha mafuta, tukashika njia. Kibwana aliendesha, kwa sababu mimi sikujua, na Bi Mwantumu alikaa mbele kati yetu, kwani akikaa nyuma moyo humchafuka. Tulikuwa hatujafika Zinga Mjomba aliposema kutoka nyuma ya pazia, "Nasikia harufu."

"Harufu ya nini, Mjomba?" niliuliza. Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo wote wawili, na hili linaufanya ugomvi kuwa mgumu kuufuatilia.

"Ya marashi, Mjomba. Ya nini unafikiri?"

Nilimwambia Kibwana ageuze. Yeye hakutaka, alisema gari jipya hunuka, nami nikamwambia gari hili linaweza kuwa na sifa nyingi lakini si upya. Niligombana mpaka akageuza. Nyumbani tukamwaga petroli yote kwa usalama, tukafungua kila klipu na kuifunga upya, tukatia petroli kidogo kwa dumu, tukalala chini tukatazama. Haikuvuja. Kibwana alitema tambuu akasema ile ilikuwa pua ya mgonjwa, mtu akilala sana pua huchoka. Mjomba alimsikia. Alinitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyesema.

Mara ya pili tulielekea kunakotakiwa. Ilikuwa asubuhi nzuri, Bi Mwantumu amepika mkate wa kumimina na kuufunga kwenye kitambaa, watu wa barazani wamesimama kutuaga, mmoja anauliza kama lori nimeliacha. Tulijaza tangi. Tulifika Makurunge, mashamba upande huu na upande huu, na Mjomba akasema tena, kwa sauti ndogo kuliko ya mara ya kwanza, "Jamani, harufu." Nikateremka nikatazama chini ya gari. Sikuona tone. Lakini nilipofungua mlango wa nyuma harufu ilinipiga usoni, na nikaiona safari nzima mbele yangu, mbali kiasi kile, na mzee asiyeweza kuinuka amelala juu ya kitu hicho. Nikasema turudi. Bi Mwantumu akalia kimya kimya mpaka nyumbani, mkate mapajani. Mkate wenyewe tuliula jioni ile ukumbini, na mpaka leo nikipewa mkate wa kumimina hunipata hasira kidogo kabla ya hamu.

Baada ya siku hiyo Mjomba aliacha kuulizia gari. Zamani nikipita ukumbini alikuwa akinihoji, mmefika wapi, mnangoja nini, Kibwana yuko wapi, mwaka huu au ujao. Sasa nilipita akaniitikia marahaba, basi. Ikaja salamu nyingine kutoka Pangani, safari hii si ya Mama Mkubwa mwenyewe bali ya jirani yake, kwamba bibi hali sana chakula na anaulizia mlango ukigongwa. Mjomba aliipokea akageukia ukutani. Nilimwendea Kibwana nikamwambia maneno ambayo sikufundishwa chuoni. Alikwenda kibandani kwake akarudi na mpira wa mashine ya boti, mpya, ule hasa wa petroli, pamoja na kile kipira cha kubinya kuvuta mafuta kilicho katikati yake, ambacho alikataa kabisa kukikata kwa sababu alisema ndio moyo wake. Tukautia wote, na moyo wake. Tukajaribu uani kwa petroli ya dumu. Haikuvuja. Kibwana akaapa kwa Mwenyezi Mungu, nami nikamwamini, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kutoamini.

Siku moja kabla ya kuondoka Mjomba alimwita mkewe akamwomba amfukizie godoro. Hilo kwetu si jambo la ajabu. Mtu akisafiri kwenda kwa watu wake hufukizwa nguo na matandiko, afike ananukia. Bi Mwantumu alifurahi mno, kwani mume hakuwa ameomba kitu siku nyingi. Alitoa udi aliotumiwa na Rehema kutoka Muscat, akatia chetezo moto, akalitandaza godoro juu ya tenga pale uani, mbali na gari, maana mimi nilisimama katikati kama askari. Akafukiza godoro, mito, shuka, mapazia. "Ongeza," Mjomba akaita kutoka ukumbini. Akaongeza. "Zuhura anapenda udi. Ongeza." Asubuhi tulipofunga milango ya kombi, macho yalitutoka machozi. Mjomba aliomba dirisha la nyuma liachwe wazi apate hewa, tukaliacha. Tukajaza tangi, tukaondoka.

Makurunge tulipita. Nilitega sikio nyuma ya pazia, nikasikia kimya tu. Msata tulipita, tukakamata barabara kuu kwenda kaskazini, vilima vikaanza, kombi ikapanda inalia na kushuka inacheka. Nilijiona mtu mkubwa. Nilianza hata kumweleza Kibwana tofauti ya kujua jambo na kulidhania, naye akatafuna tambuu yake kwa uvumilivu. Segera tulisimama, na Bi Mwantumu akataka achemshe chai kwenye lile jiko la gesi la ndani, kwani lipo, na ana vikombe, na maisha yake yote hajawahi kunywa chai ndani ya gari. Nilikataa. Sikuwa na sababu ya kitaalamu, nilitaka tu tusipoteze muda. Akaanza kunilaumu kwamba vijana wa siku hizi hawana starehe, mara sauti ya Mjomba ikatoka nyuma, kali kweli kweli.

"Msikilize mwanao. Chai tutakunywa Pangani."

Mwaka mzima hakuwa ameniunga mkono kwa lolote. Nilijaa kifua. Tulipita Muheza nikiwa bado nimejaa.

Alasiri tulifika. Mama Mkubwa alikuwa mlangoni, amekaa kwenye mkeka, miguu yake mikubwa imenyooshwa juu ya mto. Alipoliona gari alianza kuvuta ushungi wake vizuri. Mimi na Kibwana tuliingia nyuma tukalishika godoro pande mbili kumteremsha Mjomba, na mkono wangu ukazama kwenye maji. Hayakuwa maji. Chini ya udi wote ule godoro lilikuwa limelowa petroli, na kanzu ya Mjomba imelowa, na tulipomlaza mkekani na Mama Mkubwa akampandisha kanzu, mgongo wake ulikuwa mwekundu, umeanza kufura malengelenge.

"Mjomba," nilisema, "ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu wapi?"

"Vilimani. Baada ya Msata."

"Na hukusema."

"Zinga nilisema," alijibu. Alikuwa hanitazami, alikuwa akimtazama dada yake. "Makurunge nilisema. Kila nikisema, unageuza gari."

Bi Mwantumu alikuwa amesimama na kikapu mkononi. "Na udi?" aliuliza polepole.

"Nao."

"Udi wa mwanangu, nikufukizie petroli." Aliketi kizingitini akajifunika uso, na mpaka leo sijui kama alikuwa akilia au akicheka.

Mimi nilipandwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo, wala sijawa nayo tena. Nilisimama mbele ya mzee aliyeungua mgongo, mbele ya Mama Mkubwa ambaye sikuwa hata nimemwamkia, nikamwambia kwamba angetuua wote, kwamba cheche moja ingetosha, kwamba lile jiko lingewashwa leo tungekuwa majivu Segera. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Tumeungua?" aliuliza. Nikasema hatukuungua. "Haya," alisema.

"Ugomvi wenu upelekeni nje," Mama Mkubwa alisema. Aliagiza maji ya uvuguvugu na mafuta ya nazi. "Huyu tangu mdogo ndivyo alivyo. Akilia, mwache. Akinyamaza, kamtazame." Akaanza kumwosha mgongo kwa kiganja, polepole, akimwambia atulie, na Mjomba wangu, mtu mzima mwenye mvi, akatulia.

Kesho yake mimi na Kibwana tulijaza tangi pomoni, tukaiegesha kombi mlimani, na tundu likajitokeza lenyewe. Juu ya tangi, chini kabisa ya kitanda, palikuwa na mipira miwili myembamba ya tangi kupumulia hewa, ya kale kama gari lenyewe, imepasuka. Tangi likiwa na petroli kidogo haifikii, kwa hiyo kila tulipojaribu uani haikuvuja. Tangi likijaa na gari likipanda, humwagika juu, moja kwa moja kwenye godoro. Mwaka mzima tulibadilisha mipira ya chini, iliyokuwa mbele ya macho yetu, na aliyekuwa amelala juu ya tundu lenyewe tulimwambia pua yake imechoka. Kibwana alisema yeye alishuku tangu mwanzo. Tukaenda madukani, na mpira wa kadiri ile ukapatikana kabla ya adhuhuri, kwenye duka la pili.

Tuliporudi tuliwakuta ukumbini. Mama Mkubwa alifariki mwaka huo huo, kabla ya Idi, lakini siku ile alikuwa na nguvu ya kubishana. Walikuwa wakibishania bakuli la mama yao lililovunjika wakiwa watoto, kila mmoja akimsingizia mwenzake, na huku bibi anamlisha mdogo wake uji kwa kijiko, kwa kuwa amelazwa kifudifudi na hawezi kujilisha. Alimlisha, akamlaumu, akamfuta kidevu, akamlaumu tena. Kibwana alifungua kinywa atoe habari njema. Nikamkanyaga mguu.

"Mmeupata?" Mjomba aliuliza.

"Bado," nilisema. Mpira ulikuwa mfukoni mwangu. "Labda mpaka Tanga."

"Tanga ni mbali."

"Ni mbali."

Alinitazama kwa jicho moja, la upande usiolaliwa, muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akafungua mdomo kwa kijiko kingine, akameza.

"Basi tafuteni vizuri, Mjomba," alisema. "Petroli si kitu cha kuharakisha."